Mdogo Aingiaye Kinywani mwa Chewa

Chewa hana simile na samaki wadogo. Hujibanza chini ya jiwe, rangi yake ikalandana na mwamba, na kinachopita mbele yake humezwa kizima kabla hakijageuka. Lakini ipo saa katika siku ambapo chewa huyohuyo hutoka mafichoni, akatulia karibu na tumbawe kubwa, akapanua kinywa na kutanua matamvua. Samaki mwembamba kama kidole huingia humo, akapenya kati ya meno, akapekua kooni, kisha akatokea pembeni mwa shavu akiwa mzima. Kazi inapokwisha chewa hujitikisa kidogo, mdogo akajitenga, na mwenye kinywa akarudi mawindoni.

Mdogo huyo ni samaki msafishaji. Mfaransa Achille Valenciennes ndiye aliyemwingiza katika vitabu vya sayansi mwaka 1839, na jina lake la kitaalamu leo ni Labroides dimidiatus. Aliye mkubwa kabisa hufika sentimita 14, na wengi huishia kama 10. Mwili ni mwembamba, na mstari mweusi huanzia puani, ukapita jichoni, ukazidi kupanuka kadiri unavyoelekea mkiani. Juu na chini ya mstari huo ni weupe unaogeuka kuwa buluu inayong'aa. Watoto wake ni weusi, na mstari mmoja wa buluu mgongoni. Huogelea kwa kunesanesa, mkia ukipanda na kushuka, mwendo ambao samaki wengine huutambua kwa mbali.

Anaishi katika eneo kubwa la ajabu kwa kiumbe mdogo hivyo: kuanzia Bahari ya Shamu, pwani yote ya Afrika Mashariki, Komoro na Shelisheli, hadi Japani, Australia na visiwa vya katikati ya Pasifiki. Humkuti mchangani wala kwenye maji ya wazi. Anataka matumbawe, tangu mita moja ya kina hadi kama 40, na ndani ya matumbawe hayo anataka pahali pake maalumu: kona ya jiwe, kichwa cha tumbawe kilichoinuka, pango dogo lenye mlango mpana. Hapo ndipo kituo chake. Yeye hawafuati wateja, wao ndio humjia, na wengine huja kutoka mbali.

Wanajia nini? Mwamba wenye afya umejaa vidudu wanyonya damu, jamaa wa mbali wa kamba na kaa, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Hujificha kwenye nyufa za mwamba na kokoto, kisha, hasa usiku na alfajiri, wakatoka wakamrukia samaki, wakashiba damu na kurudi mafichoni. Pono, ambaye Waswahili wamemfanya mfano wa usingizi mzito, anawajua vyema. Kabla ya kulala hujitengenezea mfuko wa ute unaomzunguka mwili mzima, na mwaka 2011 watafiti nchini Australia walionyesha kwamba mfuko huo ni chandarua hasa. Kati ya pono walioondolewa ute wao usingizini, zaidi ya 9 katika kila 10 walishambuliwa na vidudu hivyo; walioachiwa, mmoja tu katika kila 10. Lakini si kila samaki ana chandarua. Kangaja, chewa, tasi, kitatange, mkunga, wote huamka na wageni wasiowataka migongoni, mapezini na ndani ya matamvua, wala hawana mkono wa kujikunia. Kukipambazuka, kituo cha msafishaji kimefunguliwa.

Mwanabiolojia Alexandra Grutter wa Chuo Kikuu cha Queensland alifanya kazi ya kuhesabu, na hesabu zake, zilizochapishwa mwaka 1996, bado zinanishangaza kila nizisomapo. Katika kisiwa cha Lizard, kwenye Mwamba Mkuu wa Australia, msafishaji mmoja alikagua wastani wa samaki wapatao 2,300 kwa siku moja, na akala vidudu wapatao 1,200. Wateja wengine walirudi tena na tena siku hiyohiyo, kwa hiyo si samaki 2,300 tofauti. Hata hivyo, fikiria mwili wa sentimita 10 ukipokea wateja wa kiwango hicho tangu macheo hadi machweo, siku zote za uhai wake.

Kula vidudu ni jambo moja; kwamba mwamba unamhitaji ni jambo jingine, na hili la pili liliwachukua wanasayansi miaka mingi kulithibitisha. Mmarekani Conrad Limbaugh, mzamiaji hodari wa enzi yake, aliwaondoa viumbe wasafishaji wa huko kwenye miamba michache ya Bahama akaona samaki wengine wakitawanyika ndani ya siku chache, na waliobaki wakiwa na vidonda na mapezi yaliyochanika. Makala yake ilitoka mwaka 1961, wakati yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa, amepotelea katika pango la chini ya bahari kusini mwa Ufaransa mwaka 1960. Habari ilisisimua dunia. Lakini waliofuata nyayo zake, Hawaii na kwingineko, waliwaondoa wasafishaji wakasubiri, wakahesabu, na hawakuona badiliko la maana. Kwa zaidi ya miaka 30 palikuwa na shaka ya haki kabisa: huenda samaki huja kituoni kwa sababu ya kuguswaguswa tu, na huyo anayesifiwa kwa usafi ni mla bure.

Grutter ndiye aliyeivunja shaka hiyo. Alitia samaki wenye midomo minene, walio wa ukoo mmoja na msafishaji, ndani ya vizimba kwenye miamba midogo ya Lizard. Mingine ilikuwa na wasafishaji, mingine aliwaondoa. Baada ya saa 12 tu, kuanzia alfajiri hadi jioni, samaki wasiohudumiwa walikuwa na vidudu zaidi ya mara 4 kuliko wenzao. Hiyo ilikuwa mwaka 1999. Sababu ya waliomtangulia kukosa jibu inaeleweka sasa: kidudu hiki hakikai mwilini wiki nzima. Hupanda, hunyonya, hushuka. Anayehesabu mara moja kwa mwezi, au kwa saa isiyofaa, atakuta samaki wote wako sawa.

Ndipo Grutter na wenzake wakaamua kusubiri zaidi. Kwenye miamba midogo iliyotengwa, wasafishaji waliondolewa na kila walipojitokeza wapya wakaondolewa tena. Baada ya miezi 18, aina za samaki wanaotembelea miamba isiyo na msafishaji zilipungua kwa nusu, na idadi yao ikabaki robo ya ile ya miamba yenye msafishaji. Baada ya miaka minane na nusu, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba hata samaki wakazi, wasiohama jiwe lao, walikuwa wachache kwa asilimia 37, na aina zao pungufu kwa asilimia 23. Katika hifadhi ya Ras Mohammed nchini Misri, kwenye Bahari ya Shamu, Redouan Bshary wa Uswisi aliona jambo la namna hiyohiyo: msafishaji akitoweka, mwamba hupoteza aina za samaki, akija, huongezeka.

Mwamba wetu wa Afrika Mashariki ni mwamba wa bahari hiyohiyo ya Hindi na Pasifiki, na samaki ni walewale. Mvuvi wa Kizimkazi au Shimoni anapotia dema, pono na tasi watakaoingia humo wamepita kituoni asubuhi. Msafishaji mwenyewe hana bei mnadani, hata kitoweo cha paka hatoshi. Lakini yumo katika kila kilo inayopimwa hapo.

Sasa, ingekuwa rahisi kumchora samaki huyu kama mtumishi mwema wa jamii. Siyo. Anapenda ute kuliko vidudu. Ute ule unaofunika ngozi ya samaki, unaomkinga na maradhi, ndio mlo wake wa kwanza kama angeachiwa achague. Jaribio la mwaka 2003 lilithibitisha hivyo. Kila anapomkaribia mteja, basi, ana mambo mawili ya kuchagua: kula kidudu na kumfaidi mteja, au kumega kipande cha ngozi na ute. Akimega, mteja hushtuka, mwili mzima ukaruka, na mzamiaji aliye karibu huona waziwazi.

Nini basi kinachomzuia asimege siku nzima? Hapo ndipo Bshary alipotumia miaka mingi ya maisha yake, na kwangu hapo ndipo hadithi inapokuwa na uzito wa kweli. Wateja si wa namna moja. Kuna wakazi, wenye eneo dogo lenye kituo kimoja tu. Hawawezi kwenda kwingine. Hao, wakiumwa, humfukuza msafishaji huku na huku kwa hasira, na baada ya kufukuzwa huwa mwaminifu zaidi. Kuna wageni, wenye eneo kubwa linalofikia vituo kadhaa. Wao hawapotezi nguvu kumkimbiza mtu. Wakiumwa au wakicheleweshwa huondoka, na safari ijayo huenda kituo kingine. Msafishaji analijua hilo. Mkazi na mgeni wakifika pamoja, humhudumia mgeni kwanza, kwa sababu mkazi atasubiri tu. Na wapo wawindaji, chewa na mkunga, ambao adhabu yao haina rufaa. Hao ni nadra kudhulumiwa.

Zaidi ya hayo, kuna macho ya wanaosubiri. Mwaka 2006 Bshary na Grutter walionyesha kwamba mteja aliyeko foleni humwangalia msafishaji anavyomtendea aliye mbele yake, na humkaribia yule aliyemwona akifanya kazi kwa haki kuliko yule asiyemjua. Msafishaji naye, akijua anatazamwa, hujizuia. Hivyo sifa ya mtu, jambo tulilodhani ni la binadamu na barazani kwake, ina thamani ya chakula katika mita tano za maji.

Kuna pia njia ya kuomba radhi. Msafishaji hupanda mgongoni mwa mteja na kumpapasa kwa mapezi ya tumboni, bila kula chochote. Hufanya hivyo kwa mteja aliyeumwa anayetaka kuondoka, na hufanya zaidi kwa mwindaji mwenye njaa. Kupapasa huku kuna faida halisi. Mwaka 2011 Marta Soares na wenzake walitengeneza sanamu za msafishaji, nyingine zikisogea na kumgusa kangaja, nyingine zikiwa zimetulia. Kangaja waliopata kuguswa walikuwa na kiwango cha chini cha homoni ya msongo mwilini. Waliosema zamani kwamba samaki huja kituoni ili waguswe tu hawakuwa wamepotoka kabisa. Waliona upande mmoja.

Nyumbani kwake pia kuna sheria. Wasafishaji huishi dume mmoja na majike watatu hadi sita walio wakubwa, pamoja na wadogo kadhaa, wakipangana kwa ukubwa wa mwili. Dume huzunguka eneo lote kila siku akiwakumbusha majike nani mwenye nyumba. Huyo dume alizaliwa jike. Wote huzaliwa hivyo. Ross Robertson, aliyewachunguza katika kisiwa cha Heron huko Australia na kuchapisha matokeo mwaka 1972, aliwaondoa madume akakaa akitazama. Ndani ya saa mbili hivi, jike mkubwa kuliko wote alianza kuzunguka eneo na kuwatisha wenzake kama alivyokuwa akifanya marehemu. Ndani ya siku chache alikuwa akibembeleza majike. Kati ya siku ya 14 na ya 18 alikuwa na mbegu za kiume zinazoweza kutungisha. Hakuna dawa, hakuna maji mapya. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena aliye juu yake. Watafiti wa Japani baadaye waliona kinyume chake pia: dume aliyefiwa na majike wote, akikutana na dume mkubwa kuliko yeye, anaweza kurudi kuwa jike.

Dume na jike mara nyingi huhudumia mteja mkubwa kwa pamoja, na hapo pana mtihani. Jike akimega ute, mteja huondoka, na dume hukosa chakula chake kwa kosa lisilo lake. Nichola Raihani, Grutter na Bshary walilijaribu hili kwa vibao vya plastiki vilivyopakwa vyakula viwili, kamba wanaopendwa sana na unga wa chakula cha samaki usiopendwa. Kamba akiliwa, kibao kiliondolewa mara moja. Majike walipovunja sheria, madume waliwafukuza. Na majike waliofukuzwa walijizuia zaidi mara iliyofuata. Hiyo ilikuwa mwaka 2010. Miaka miwili baadaye wakaongeza jambo lenye makali: dume humwadhibu kwa ukali zaidi jike aliyemkaribia kwa ukubwa wa mwili. Jike anayeshiba ute hukua haraka, na anayekua haraka anaweza kugeuka dume na kuwa mshindani.

Baharini pana pia matapeli wa wazi. Samaki mmoja, Aspidontus taeniatus, asiye hata ndugu wa msafishaji, ana mstari uleule, buluu ileile, na huiga mwendo ule wa kunesa. Mteja hujitandaza mbele yake akisubiri huduma, na yeye humega kipande cha pezi na kutoroka. Vijana wa mwamba ndio hudanganyika zaidi. Wakubwa hujifunza kumtazama mdomo, kwani wa tapeli umejificha chini ya pua. Wala haishi kwa utapeli peke yake. Hula pia mayai ya samaki wengine na minyoo ya mwambani. Wakizidi matapeli, hakuna atakayemwamini mwenye mstari, na utapeli wenyewe hukosa riziki.

Msafishaji ana pia binamu anayepatikana katika maji haya yetu, Labroides bicolor. Akikua, binamu huyu hazingatii kituo kimoja. Huzurura eneo pana akihudumia anaokutana nao. Watafiti walipomfuata waligundua kwamba huuma zaidi wateja kuliko yule wa kituoni. Anayemhudumia leo huenda asimwone tena wiki nzima, basi hana cha kupoteza.

Maisha ya kituoni hudai akili. Mwaka 2012 kikundi cha watafiti kiliwapa wasafishaji, sokwe, orangutani na nyani wadogo wa Amerika ya Kusini mtihani mmoja: sahani mbili zenye chakula sawa, moja inabaki, nyingine huondolewa isipochaguliwa kwanza. Mwenye busara huanza na ile itakayoondoka, akala zote mbili. Ni fumbo lilelile la mgeni na mkazi. Wasafishaji wakubwa walilifumbua upesi. Nyani na orangutani walishindwa, na sokwe wachache tu waliweza. Wasafishaji wachanga nao walisumbuka sana, na hilo ni la kukumbuka, kwa maana linaonyesha kwamba akili hii haiji tayari tumboni mwa yai.

Kisha ukaja mwaka 2019 na habari ya kioo. Tangu Gordon Gallup alipowapa sokwe kioo mwaka 1970, kipimo hicho kimetumika kuuliza ni mnyama gani anayejitambua: anatiwa alama asipoweza kuiona, anapewa kioo, na ukimwona anaishughulikia alama mwilini mwake badala ya kwenye kioo, umepata jibu. Masanori Kohda wa chuo kikuu cha jiji la Osaka aliwawekea kioo wasafishaji. Mwanzoni walipigana na taswira. Kisha wakaanza vitendo vya ajabu mbele yake, kama kuogelea chali, ambavyo hawavifanyi kwa wenzao. Mwishowe wakatulia wakitazama. Walipotiwa alama ya hudhurungi kooni, mfano wa kidudu, watatu kati ya wanne walikwenda kujisugua koo kwenye jiwe au mchanga baada ya kujiona. Bila kioo hawakujisugua. Kwa alama isiyo na rangi hawakujisugua. Frans de Waal, bingwa wa tabia za nyani, aliandika palepale kuhimiza tahadhari, akiona kujitambua ni ngazi yenye vidato vingi badala ya mlango unaofunguliwa au kufungwa. Kohda alirudia na samaki wengi zaidi mwaka 2022, na matokeo yakasimama. Mimi naona de Waal alikuwa sahihi kuhusu ngazi. Lakini kwamba samaki wa sentimita 10 yumo katika ngazi hiyo, hilo halikuwamo katika kitabu chochote nilichosomeshwa.

Ninayaeleza haya kwa kirefu kwa ajili ya utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2018, ambao naona haujapata uzito unaostahili. Zegni Triki na wenzake walikuwa wakifanya majaribio yao Lizard, mahali ambapo wasafishaji walifahamika kuwa hodari wa mtihani wa sahani mbili na wa kujizuia mbele ya watazamaji. Vimbunga viwili vilipita, mwaka 2014 na 2015, kisha mwaka 2016 joto la bahari likapausha matumbawe. Wasafishaji walipungua kwa asilimia 80. Wateja nao walipungua. Na wasafishaji waliosalia, kutoka mahali palepale, walifeli mitihani ambayo watangulizi wao waliifaulu. Hawakumtanguliza tena mgeni. Hawakujali tena nani anatazama. Mwaka 2019 kikundi hichohicho kilipima ubongo wa samaki kutoka maeneo mbalimbali, na pale penye wasafishaji wengi sehemu ya mbele ya ubongo wa msafishaji ilikuwa kubwa zaidi.

Akili ya samaki huyu, kwa maneno mengine, ni mali ya mwamba mzima. Inahitaji foleni, inahitaji chewa wa kuogopwa, wageni wenye vituo vingine vya kwenda, wakazi wenye hasira. Mwamba ukiwa mtupu, samaki anaweza kubaki na mstari wake mweusi na mwendo wake wa kunesa, huku ustadi uliomfanya msafishaji umekwisha.

Pwani yetu nayo imepita katika majaribu ya namna hiyo. Mwaka 1998 joto la El Niño lilipausha na kuua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na Tanzania, na joto kali limerudi mwaka 2016 na 2024. Juu ya joto tumeongeza yetu: baruti, kokoro, na kigumi, ambapo matumbawe hugongwa kwa miti ili samaki wakimbilie wavuni. Zana hizi huwamaliza pia chewa, pono wakubwa na kangaja wa makundi, yaani wawindaji na wageni, wale hasa wanaomfundisha msafishaji adabu. Utafiti wa Triki ulifanyika Australia, lakini sababu alizozitaja hazichagui bahari.

Na wapo wanaomchukua msafishaji mwenyewe. Ni miongoni mwa samaki wa mapambo wanaosafirishwa kwa wingi duniani, kwenda kwenye matangi ya vioo ya Ulaya, Marekani na Asia, na Kenya ni moja ya nchi zinazowakamata. Wafugaji wenyewe wanakiri kwamba hawawezi kumtunza vizuri. Chakula chake ni wateja, na tangini hakuna wateja wa kutosha. Wengi hufa kwa njaa polepole. Biashara hii huwapa vijana wa pwani riziki, na sitaki kuidharau riziki ya mtu. Lakini kwa samaki huyu mmoja ningependa iachwe. Bei yake ni ndogo, anakofikishwa haishi, na kituo alichotolewa hubaki na pengo.

Anayetaka kumwona ana mahali pa kwenda. Watamu na Malindi zimekuwa hifadhi tangu mwaka 1968. Kuna Kisite karibu na Wasini, kuna Mafia iliyohifadhiwa tangu mwaka 1995, na Chumbe, upande wa magharibi wa Unguja, ambako uvuvi ulipigwa marufuku mwaka 1994. Nenda asubuhi, maji yakiwa maangavu, na usikanyage tumbawe. Tafuta jiwe kubwa lililoinuka ambalo samaki wa rangi mbalimbali wanasimama bila kuondoka, wengine wakiinamisha kichwa, wengine wamesimama kwa mkia. Kaa mbali kidogo, utulie dakika kadhaa, maana wakikuogopa huduma husimama. Chagua mteja mmoja, kangaja kwa mfano, umfuate kwa jicho tangu anapofika hadi anapoondoka, ukihesabu ni mara ngapi mwili wake unaruka kwa mshtuko. Hicho ndicho kipimo cha udanganyifu ambacho Bshary na Grutter wamekitumia miaka yote, na hakihitaji chombo zaidi ya miwani ya kuzamia, saa na kibao cha kuandikia. Wanafunzi wa taasisi za bahari za Zanzibar na Mombasa wanaweza kuifanya hesabu hiyo Chumbe na Kisite, kisha wakaifanya kwenye mwamba wa jirani unaovuliwa kila siku, na tukajua kama wasafishaji wetu bado wanawaogopa wateja wao.